Tetris ya 1989 inakukwamisha wapi? Dalili, vyanzo na dawa

Anayekwama kwenye Tetris ya zamani huja na malalamiko yaleyale: fimbo haiji, vidole vizito, pedi mbovu, gemu linaonea. Lawama yote hukiangukia kipande cha mwisho, kile kilichokosa pa kutua na kuufikisha ukuta juu. Mimi sikiangalii kipande hicho. Namwomba mchezaji anirudishe vipande kumi nyuma, na mara nyingi chanzo kinakuwa pale, wazi kabisa. Kisipokuwa pale, basi kiko kwenye kanuni fulani ya mashine ambayo hakuna aliyewahi kumweleza.

Hapa nazungumzia hasa toleo la Nintendo la mwaka 1989 kwa mashine ya NES, kwa sababu ndilo linalochezwa kwenye mashindano ya dunia ya Tetris ya zamani tangu 2010, na ndilo ambalo kanuni zake zimechunguzwa mpaka ndani. Toleo la Game Boy la mwaka huohuo linafanana nalo kwa mengi. Wengi wetu Afrika Mashariki tuliujua mchezo huu kupitia vigemu vidogo vya mkononi vyenye maandishi ya 9999 in 1, au mashine za bei nafuu za kuchomeka kwenye televisheni, na mengi ya haya yanawahusu pia.

Tuelewane maneno kwanza. Uwanja una safu 10 kwa upana na mistari 20 kwenda juu. Game Boy ina mistari 18. Vipande ni saba: fimbo yenye umbo la I, mraba, T, L, J, S na Z. Mfereji ni ile safu moja inayoachwa wazi pembeni ili fimbo iingie na kufuta mistari minne kwa mpigo. Tundu ni nafasi tupu iliyofunikwa kwa juu. Ukuta ni rundo la vipande vilivyokwisha kutua, ila nikisema ukuta wa kushoto au wa kulia namaanisha ukingo wa uwanja. Hatua ni daraja la mchezo: namba yake ikipanda, kasi ya vipande nayo hupanda.

Gemu haliwaki, au linawaka kwa shida

Hii tuimalize haraka. NES ikiwaka taa nyekundu inayozima na kuwaka kila sekunde, chipu ya ulinzi ndani ya mashine haisomi chipu mwenzake iliyo kwenye kaseti. Karibu kila mara ni uchafu kwenye meno ya shaba ya kaseti au ya kiunganishi cha ndani. Chukua pamba ya kijiti, ichovye kwenye spiriti, sugua meno ya kaseti pande zote mbili, acha ikauke kabisa, rudisha. Usipulize kwa mdomo. Unyevu wa pumzi unaleta kutu, na kinachoonekana kama kupona ni kwa sababu tu umeitoa kaseti na kuirudisha ikakaa vizuri.

Game Boy ikionyesha kisanduku cheusi mahali pa jina la Nintendo kisha ikabaki hapo, ni tatizo lilelile la kaseti kutosomeka, na dawa ni ileile. Ikikosa mistari wima kwenye kioo, kaseti haihusiki: ni muungano wa utepe chini ya kioo umeachia, na fundi anaurudisha kwa kuupasha moto taratibu na kifaa cha kulehemu.

Kwenye vigemu vya mkononi, kitufe kisichosikia maana yake ni kile kipande cheusi cha mpira chini yake kimechafuka. Fungua skrubu za nyuma, futa mpira na ubao kwa spiriti. Maandishi yakififia, badilisha betri kabla ya kutafuta ugonjwa mwingine.

Na kama kisanduku cha kipande kinachofuata kimetoweka, hakuna kilichoharibika. Umegusa kitufe cha Select. Ibonyeze tena.

"Nabonyeza, lakini kipande kinachelewa kunisikia"

Hii ndiyo dalili inayowafanya watu wanunue pedi mpya bure. Kabla ya kulaumu pedi, pima runinga. NES iliundwa kwa runinga za kioo kinene, ambazo zilichora picha papo hapo. Runinga bapa ya leo hupokea picha, huipamba, huinyoosha, ndipo huionyesha, na kazi hiyo inakula muda.

Fremu, yaani picha moja inayochorwa na gemu, kwenye mashine ya Marekani ni kama sehemu ya 60 ya sekunde. Runinga inayochelewesha picha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde imekula fremu 6. Kwenye hatua ya 18, ambako kipande kinashuka mstari mmoja kila fremu 3, maana yake unachokiona kipo mistari miwili juu ya mahali kilipo kweli. Hatua ya 19 ni mistari mitatu. Hakuna kidole kitakachofidia hilo, na ukijilazimisha kufidia utajifunza mdundo mbovu ambao utakusumbua siku ukipata kioo kizuri.

Kupima ni rahisi. Weka simu kwenye kamera ya mwendo wa polepole, piga video inayoonyesha kidole chako na kioo kwa pamoja, kisha hesabu picha zilizopita kati ya kidole kuzama na kipande kusogea. Kama simu inapiga picha 240 kwa sekunde, kila picha 4 ni fremu moja ya gemu. Ukipata fremu mbili au tatu, hali si mbaya. Ukipata saba, nane, shida umeiona.

Dawa, kwa mpangilio ninaoupendekeza: ingia kwenye menyu ya runinga uweke hali ya gemu, ambayo inazima yale mapambo ya picha; tumia pedi ya waya badala ya Bluetooth; kama unacheza kwa emuleta (programu inayoiga mashine ya gemu) kwenye kompyuta, zima kipengele cha kusawazisha picha na kioo, au tumia emuleta ya RetroArch, ambayo ina uwezo wa kukokotoa fremu za mbele ili kufuta sehemu ya ucheleweshaji. Pima tena baada ya kila badiliko. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikusaidia.

Kuna dalili jirani yake: mchezo unaenda polepole kuliko video unazotazama, na muziki unasikika mzito na wa polepole. Hapo mashine yako inaenda kwa fremu 50 kwa sekunde, kama runinga za Ulaya na za kwetu, lakini kaseti ni ya Kimarekani iliyotengenezwa kwa fremu 60. Kila kitu kinapungua kwa sehemu moja ya sita. Si kasoro ya kurekebisha, ila usilinganishe alama zako na za wanaocheza toleo la kasi kamili. Kaseti ya Ulaya yenyewe ilirekebishwa, na kasi zake ni tofauti: huko hatua ya 19 tayari kipande kinashuka mstari mmoja kwa kila fremu.

"Kipande hakigeuki nikiwa ukutani"

Wanaolalamika hivi mara nyingi wametoka kwenye Tetris ya simu. Matoleo ya kisasa yana huruma: ukigeuza kipande kikigongana na ukuta, programu inakisukuma pembeni kidogo ili kigeuke. Toleo la 1989 halina huruma hiyo. Kama umbo jipya lingeingia ukutani au ndani ya tofali lililopo, ombi lako linakataliwa, kimya.

Fimbo ndiyo inayoumiza zaidi. Iliyosimama inahitaji safu mbili tupu kushoto kwake na moja kulia ili ilale. Ukiisimamisha na kuibana ukuta wa kushoto, haitalala tena. T iliyosimama na mgongo ukutani nayo haigeuki kulala.

Kwa hiyo geuza kwanza, sogeza baadaye, au geuza wakati kipande kinasafiri. Na tumia vitufe vyote viwili: A inageuza kwa mwelekeo wa saa, B kinyume chake. Naona wachezaji wanaobonyeza A mara tatu kupata kile ambacho B ingewapa kwa mara moja. Hatua ya 5 hilo halina madhara. Hatua ya 18 ni kipande kilichotua kabla hakijamaliza kugeuka.

Hapa pia ondoa matumaini ya vitu vitatu vya kisasa: hakuna kivuli kinachoonyesha pa kutua, hakuna kipande cha kuweka akiba, hakuna kitufe cha kukiangusha papo hapo. Kitufe cha chini kinaharakisha tu. Na ukiwa umekishikilia, mashine haisikii kulia wala kushoto. Ile dalili ya "nilibonyeza pembeni na hakikuenda" mara nyingi ni dole gumba limeegemea chini bila mwenyewe kujua.

"Kipande hakifiki pembeni kabla ya kutua"

Hapa ndipo nataka tukae, maana wachezaji wengi wanaojiona wana vidole vizito wana vidole vya kawaida kabisa. Wanachokosa ni kujua kaunta iliyofichwa.

Ukibonyeza kulia na kushikilia, kipande kinasogea safu moja papo hapo. Kisha mashine inasubiri fremu 16, zaidi ya robo sekunde, ndipo inakisogeza tena. Baada ya hapo kinasogea kila baada ya fremu 6. Subira ile ya fremu 16 inahesabiwa na kaunta moja, na kaunta hiyo ndiyo siri ya mchezo mzima.

Tia hesabu kwa fimbo. Ikisimamishwa mara tu inapotokea, inakaa safu ya sita kutoka kushoto. Ukuta wa kulia uko misogeo minne, wa kushoto mitano. Tuseme unabonyeza kushoto fimbo ikishaonekana na kushikilia. Msogeo wa kwanza papo hapo, wa pili fremu ya 16, wa tatu 22, wa nne 28, wa tano 34. Hatua ya 18, fremu 34 ni mistari 11. Hatua ya 19, kila mstari fremu 2, ni mistari 17 kati ya 20. Kama ukuta wako umefika mistari minne tu, fimbo imetua njiani.

Sasa rudia hesabu ileile kaunta ikiwa imejaa kabla fimbo haijatokea. Msogeo wa kwanza unakuja mara moja, wa pili fremu ya 6, kisha 12, 18, 24. Hatua ya 18 ni mistari 8, hatua ya 19 ni mistari 12. Kidole ni kilekile, pedi ni ileile, na umeokoa mistari mitano kwenye hatua ambayo mistari mitano ni uhai.

Kaunta inajazwaje? Kipande kikitua, mashine haiifuti. Inabaki na kiasi ilichokuwa nacho, na kati ya kipande kimoja na kingine kuna pengo la fremu 10 hadi 18, kutegemea kilichotangulia kimetua chini au juu. Ukiwa umeshikilia upande unaoutaka wakati wa pengo hilo, kipande kipya kinaingia na kaunta yake ileile. Kinachoifuta ni kubonyeza upya wakati kipande kiko hewani tayari. Na kuna njia ya kuijaza hapohapo: kusukuma kipande dhidi ya ukuta wa uwanja au dhidi ya matofali yaliyokizuia pembeni. Msukumo huo mmoja unaijaza mpaka juu.

Basi mwangalie mchezaji anayelalamika. Kipande kinagusa chini, anaachia msalaba wa pedi, kile kitufe cha mielekeo. Anasubiri. Kipande kipya kinaonekana, anakitambua, anabonyeza. Kila kipande anakilipia subira nzima ya fremu 16. Dawa ni kumfundisha kutazama kisanduku cha kinachofuata mapema: kipande cha sasa kikiwa bado kinashuka, aamue kinachofuata kinaenda upande gani; cha sasa kikigusa chini, dole gumba liwe limeshashikilia upande huo. Mazoezi yake yafanyike hatua ya 9, ambako kipande kinachukua kama sekunde mbili kushuka uwanja mzima. Kuna nafasi ya kufikiri, na kuna kasi ya kutosha ya kukuonyesha umekosea.

Kipande kinachokwenda safu moja au mbili tu kisibebe kaunta iliyojaa, kitapitiliza. Hicho kigongee kwa kidole, kimoja kimoja. Ukiona vipande vyako vinapitiliza safu moja kila mara, chanzo ni hicho.

Game Boy ni mzito zaidi: subira ya mwanzo ni ndefu kuliko ya NES, na pengo kati ya misogeo inayofuata ni refu zaidi. Ukihama kutoka moja kwenda nyingine, jipe muda wa kuzoea mdundo kabla ya kujihukumu.

"Ukuta unajaa matundu"

Muulize mchezaji tundu limetoka wapi, atakuonyesha S au Z. Sawa, lakini S haikuwa na pa kwenda, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Chukua ukuta unaoonekana msafi kuliko zote: safu tisa za kushoto zote zina kimo cha 4, mfereji wazi kulia. Inakuja S. S iliyolala inataka safu mbili za kimo kimoja na ya tatu, kulia kwake, iwe juu kwa moja. S iliyosimama inataka safu ya kushoto iwe juu kwa moja kuliko ya kulia kwake. Kwenye uso bapa hakuna hata moja. Popote utakapoiweka itaacha tundu. Z vilevile. Yaani vipande viwili kati ya saba tayari ni msiba, na bapa lako ulilojivunia ndilo lililouita.

Sasa panga safu tisa hizohizo kwa vimo hivi, kutoka kushoto: 6, 6, 5, 5, 4, 4, 4, 3, 3. Si pazuri kwa macho. Lakini mraba unakaa kwenye jozi yoyote. T, L na J zinalala juu ya zile 4 tatu. S inasimama kwenye ngazi ya 6 na 5. Z inalala kwenye 6, 5, 5. Fimbo inaingia mferejini. Vipande vyote saba vina makao, na hakuna tundu hata moja. Nikiangalia mchezo wa mtu, swali langu la kwanza ni hili: kikija chochote sasa hivi, kina pa kukaa? Kama kuna viwili visivyo na makao, matengenezo yaanze sasa, kabla havijafika.

Ona pia kwamba mfano ule umeinuka kushoto na kushuka kulia. Ni makusudi. Tumeona fimbo inahitaji misogeo mitano kushoto na minne kulia, kwa hiyo kushoto ndiko upande mgumu kufikia. Ujenge mapema kabla kasi haijaja, na mfereji uwe kulia. Katikati pasiinuke kuliko pembeni, maana kila kipande kinatokea katikati na kitagonga kilima hicho kikiwa njiani.

Kisha kuna kina cha mashimo. Safu iliyozama kimo kimoja kati ya jirani zake inajazwa na T, au na L na J. Iliyozama viwili, ni L au J kutegemea upande. Ikizama vitatu, ni fimbo peke yake. Ukiwa na mfereji wako wa kulia na shimo lingine la vitatu mahali pengine, umejitwisha deni la fimbo mbili. Hapo ndipo malalamiko ya "fimbo haiji" yanapozaliwa, kwa hiyo shimo la pili lizibwe likiwa bado na kina cha viwili.

Tundu likishatokea, hesabu mistari iliyolifunika. Kama ni mmoja, ufute mmoja huo upate kulifungua, hata kama ni kwa alama chache. Kosa kubwa ni kuendelea kujenga juu yake kwa matumaini. Kila mstari unaouongeza juu ya tundu ni mstari mwingine wa kufuta kabla ya kulifikia. Na kama tundu liko wazi upande mmoja, kumbuka kwamba kipande kilichogusa chini hakijafungwa mpaka muda wa kushuka mstari unaofuata ufike. Hatua za polepole unaweza kukitelezesha chini ya paa. Hatua ya 18 una fremu 3 tu, kwa hiyo usijenge ukitegemea kuteleza.

"Gemu halinipi fimbo"

Matoleo ya kisasa yanachanganya vipande saba kwenye mfuko, yanavitoa vyote, ndipo yanachanganya upya. Kwa hiyo fimbo haiwezi kukosekana zaidi ya vipande 12 mfululizo. NES ya 1989 haina mfuko. Inachagua kwa bahati, na ikiona imechagua kipande kilekile kilichotangulia inachagua tena mara moja na kukubali kinachotoka. Basi. Haikumbuki chochote kabla ya hapo.

Kwa kanuni hiyo, fimbo ikishashuka, uwezekano wa vipande 13 vinavyofuata kukosa fimbo ni zaidi ya 1 kati ya 10. Vipande 20 bila fimbo ni karibu 3 kati ya 100. Unaonekana mdogo, lakini mchezo wa mistari 230 unatumia vipande kama 575, na ndani yake ukame wa vipande 20 au zaidi ni wa kutarajia mara mbili au tatu. Hakuna anayekuonea.

Cha kutibu ni namna unavyongoja. Ukuta ukivuka nusu ya uwanja na fimbo haipo wala haionekani kwenye kisanduku, funga mfereji kwa L, J au chochote kinachofuta mstari bila kuacha tundu, ushuke, kisha ufungue mfereji upya. Uamuzi huo ufanyike ukuta ukiwa kwenye mstari wa 10 au 11, wakati bado una nafasi ya kuchagua. Wanaongoja mpaka mstari wa 16 hulazimika kufunga kwa kipande chochote kilichopo.

"Nafuta mistari mingi lakini alama hazipandi"

Mstari mmoja ni alama 40, miwili 100, mitatu 300, minne 1,200, yote yakizidishwa kwa namba ya hatua ukiongeza moja. Hatua ya 18 mistari minne kwa mpigo ni 22,800. Mistari minne ileile ukiifuta mmoja mmoja ni 3,040. Tofauti ni mara saba na nusu. Kwa hiyo mchezaji mwenye mistari 120 na alama chache anafuta mapema mno, kwa hofu. Kwa anayeanza sioni ubaya wa hofu hiyo. Ila akishaweza kumaliza hatua ya 9 bila kubanwa, aanze kungoja fimbo.

"Nikifika hatua ya 19 nakufa, hatua ya 29 sigusi kitu"

Hivi ni vizuizi viwili tofauti. Hatua ya 18 kipande kinashuka uwanja mzima kwa sekunde moja. Ya 19 kwa theluthi mbili za sekunde. Anayekufa hapo mara nyingi ameingia na ukuta wa mistari 12. Ingia 19 ukuta ukiwa chini na uso una makao. Ukianzia hatua ya 18, hatua ya 19 inakuja kwenye mstari wa 130, kwa hiyo unajua tarehe ya mgeni huyo mapema: kuanzia mstari wa 120 shusha ukuta. Kuanzia 18 moja kwa moja, chagua hatua ya 8, shikilia A, bonyeza Start.

Hatua ya 29, inayokuja kwenye mstari wa 230, kipande kinashuka mstari mmoja kwa kila fremu. Rudi kwenye hesabu ya kaunta: hata ikiwa imejaa, fimbo inahitaji fremu 24 kufika kushoto, na uwanja mzima ni fremu 20. Kushikilia msalaba hakuwezi kukufikisha. Ndiyo maana kwa miaka mingi hatua hiyo ilihesabiwa kuwa mwisho wa mchezo.

Waliopita walibadilisha mkono. Thor Aackerlund, bingwa wa mashindano ya Nintendo ya 1990 huko Marekani, alitetemesha dole gumba akigonga msalaba zaidi ya mara kumi kwa sekunde, akafika hatua ya 30. Mwaka 2018 Joseph Saelee, akiwa na miaka 16, alimshinda kwa ugongaji huo Jonas Neubauer aliyekuwa na mataji saba ya dunia. Mwaka 2020 mchezaji ajulikanaye kama Cheez akaleta njia nyingine: dole gumba linatulia juu ya msalaba, na vidole vya mkono wa pili vinapiga mgongo wa pedi kwa zamu, kila pigo likisukuma kitufe kwenye dole. Inatoa mapigo mengi zaidi kwa juhudi ndogo.

Je, ujifunze sasa? Kama bado una matundu hatua ya 15, hapana. Kasi ya kidole itakufikisha pembeni ukiwa na kipande kisicho na pa kukaa. Na misuli ya mkono ikianza kuuma, acha. Kutetemesha dole gumba kumewaumiza wengi, na kupiga mgongo wa pedi ndiyo njia salama zaidi kati ya hizo mbili.

"Rangi zimeharibika" na "gemu limeganda"

Uchafu wa kaseti unaweza kuleta rangi za ajabu tangu mwanzo, na hilo unalisafisha. Lakini kuanzia hatua ya 138 rangi hubadilika kwa sababu programu inasoma nje ya jedwali lake la rangi. Hatua ya 146 na ya 148 ni giza kiasi kwamba vipande havionekani vizuri. Ongeza mwanga wa runinga kabla hujafika huko.

Kuanzia hatua ya 155, ukifuta mistari kwa namna fulani, hesabu za fremu moja hazimaliziki kwa wakati na gemu linaganda kabisa. Willis Gibson wa Oklahoma, akiwa na miaka 13, ndiye binadamu wa kwanza kulifikisha hapo, tarehe 21 Desemba 2023, hatua ya 157. Hakuna cha kutengeneza. Kaseti haina betri ya kuhifadhi alama, kwa hiyo piga picha kioo kwanza, ndipo uzime.